Maswali ya Wasomaji: Testosteroni Yangu Imeporomoka Kutoka 270 Hadi 11.9?

SWALI: Daktari, salaam. Nina miaka 43 na hamu ya tendo la ndoa imenipungua sana. Nilipima testosteroni, homoni ya kiume, saa kumi jioni nikitoka kazini, ikawa 270. Wiki tatu baadaye nikapima asubuhi kwenye maabara nyingine, ikawa 11.9. Nimeshtuka. Nimeshauriwa nianze sindano mara moja, nasi bado tunatafuta mtoto wa pili.

JIBU: Haijaporomoka, ndugu yangu, imepanda. Tazama herufi ndogo zilizo pembeni mwa namba, ndizo vizio vya kipimo. Maabara ya kwanza imetumia ng/dL, ya pili nmol/L. Ukigawanya 270 kwa 28.85 unapata takriban 9.4 nmol/L. Kwa hiyo umetoka 9.4 hadi 11.9, na inaelekea kilichobadilika ni saa uliyotolewa damu.

Testosteroni huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Ndiyo sababu damu hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, tena kabla ya kula, maana sukari ikiingia mwilini huishusha kwa saa kadhaa. Anayefanya kazi za usiku apime mara aamkapo kwenye usingizi wake mrefu. Ukiwa na homa au umetoka tu kuugua, subiri upone. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, mwambie daktari na uviache siku tatu kabla: katika baadhi ya mashine hupandisha testosteroni kwa uongo na kushusha LH, homoni inayoziamrisha korodani, kwa uongo.

Kipimo cha jioni kiweke kando. Rudia asubuhi nyingine, ikiwezekana maabara ileile, kwa sababu haifai kuamua matibabu kwa jibu moja. Majibu mawili ya asubuhi yakiwa chini ya 8 nmol/L, upungufu huwa dhahiri. Yakizidi 12, mara nyingi homoni hii si ya kulaumiwa. Wewe uko katikati, na hapo ndipo jumla ya testosteroni yote iliyo kwenye damu peke yake haitoshi.

Sehemu kubwa ya testosteroni husafiri ikiwa imeshikwa na protini. Iliyo huru ni asilimia 2 au 3 hivi. Protini inayoishika kwa nguvu zaidi huandikwa SHBG kwenye karatasi ya majibu. Unene na kisukari cha aina ya pili huishusha SHBG, hivyo jumla inaonekana ndogo ilhali iliyo huru inatosha. Umri mkubwa, ini lililosinyaa na baadhi ya dawa za kifafa huipandisha, basi jumla inapendeza machoni huku iliyo huru ikiwa haba. Omba wapime jumla, SHBG na albumini (protini nyingine ya damu inayoishika), kisha testosteroni huru ikokotolewe kutoka hapo. Kile kipimo cha bei nafuu kinachodai kuisoma moja kwa moja mimi sikitegemei.

Kisha LH na FSH, homoni ambazo tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huziamrisha korodani kwazo. Testosteroni ikiwa chini na LH juu, amri zinafika ila korodani hazitekelezi, pengine kwa sababu ya matubwitubwi ya zamani, jeraha au tibakemikali. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo chini, kasoro iko juu, kwenye amri. Hapa wengi hukosea: LH ikiandikwa “kawaida” wanashusha pumzi. Lakini testosteroni ikipungua kweli, LH ilipaswa kupanda. Kubaki kwake “kawaida” ni dalili tosha ya kuchunguza pituitari, prolaktini (homoni ya maziwa), dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, au homoni za kujenga misuli zilizowahi kutumiwa.

Kuhusu sindano: usianze. Testosteroni ya nje huifanya pituitari inyamaze, na mbegu zaweza kupungua hadi sifuri. Baada ya kuacha, hurejea kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Mweleze daktari wako kwamba mnatafuta mtoto, upimwe mbegu kwanza. Zipo dawa nyingine zinazopandisha testosteroni bila kuzima mbegu.

SWALI: Prolaktini yangu ni 38 ng/mL, maabara inasema mwisho ni 18. Je, nina uvimbe kichwani? Natumia metoklopramidi kwa tumbo.

JIBU: Mtuhumiwa wa kwanza ni hiyo dawa. Metoklopramidi hupandisha prolaktini, na prolaktini iliyopanda huua hamu na kushusha testosteroni. Muulize aliyekuandikia kama unaweza kuisimamisha kwa siku tatu hadi nne, kisha pima tena ukiwa umekaa umetulia dakika 20 kabla ya sindano, kwa kuwa hofu ya sindano nayo huipandisha kidogo. Waombe pia waangalie makroprolaktini, umbo kubwa la homoni hiyo lisilo na madhara. Ikibaki juu bila sababu, piga picha ya MRI ya pituitari. Ukiwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha au huoni vizuri pembeni, usisubiri siku hizo.

SWALI: Vipimo vyote vya mume wangu ni vizuri, TSH (kipimo cha tezi ya shingo) pia. Kwa nini hana hamu?

JIBU: Dada, mwambie aende kliniki na dawa zake zote mkononi, hasa za sonona. Kisha wewe ujibu mawili: je, anakoroma na kukatika pumzi usingizini, na je, mambo mengine aliyoyapenda bado anayafurahia?