Mwanangu anakakamaa miguu: tumvute inyooke?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 11. Alipozaliwa alichelewa kulia, akawekewa oksijeni. Mpaka leo hajakaa, na nikimwinua miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Hospitali wameandika mtindio wa ubongo. Bibi yake humchua kila jioni kwa mafuta ya nazi, kisha anaivuta miguu inyooke. Mtoto analia sana. Tuendelee? Na je, atatembea? – Mama Junior, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, Mama Junior. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila salamu nimeipokea. Kuchua, bibi aendelee. Mtoto anaujua mkono wake. Kuvuta, aache leo hii.

Misuli ya Junior yenyewe haikuanza na ugonjwa wowote. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoiamuru, huenda kwa kukosa hewa ile siku ya kuzaliwa. Watoto wengine huumia kwa manjano kali, kwa homa ya uti wa mgongo au kwa kuzaliwa njiti. Msuli unatakiwa uambiwe kaza na uambiwe legeza. Kwake, ile ya kulegeza haifiki sawasawa. Ukiuvuta mguu ghafla, msuli hujibu kwa kukaza zaidi, na bibi anaona kama mjukuu anashindana naye. Hashindani, masikini. Hata yeye hauwezi mguu ule.

Jaribu hivi unapombadilisha nepi. Mlaze chali, umwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa mpaka kidevu kielekee kifuani. Nyayo usiziguse, shika magoti. Yakunje polepole kuelekea tumboni, kisha tulia hapo. Usihesabu, sikiliza kwa viganja: baada ya muda paja lililokuwa gumu kama mti litalegea. Hapo ndipo unayatenganisha magoti, taratibu, na nepi inapita. Akianza kulia, umekwenda haraka mno.

Kumbeba, mbebe mgongoni kwa kitenge, mapaja yakiwa yamepanuka na kukumbatia kiuno chako. Wengi huambiwa mtoto wa hivi asibebwe mgongoni, nami sijui maneno hayo yalianzia wapi. Mkao huo unaizuia miguu isipishane na kuisaidia nyonga. Kwa Junior, mbeleko inaweza kufanya kazi ya kiti cha bei mbaya. Kukaa, mtie kwenye beseni pana lililozungushiwa matandiko, au kwenye kona ya kuta mbili, mchezo uwe mbele yake na si juu.

Uji usimnyweshe amelala wala kichwa kikiwa kimeinamia nyuma. Unaweza kuingia kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo naiogopa kuliko miguu.

Atatembea? Karibu wawili kati ya kila watoto watatu wenye hali hii hutembea, wengine kwa vifaa. Nani yumo, kwa miezi 11 ni mapema kusema. Mimi huangalia kukaa: anayekaa mwenyewe kabla ya kutimiza miaka 2, mara nyingi hufika. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini misuli inayokaa imekaza hufupika kadiri mtoto anavyokua, na nyonga inaweza kuchomoka kimyakimya bila maumivu yoyote mwanzoni. Kwa hiyo omba nyonga zipigwe picha ya eksirei, na waulize lini irudiwe. Ukimwona anashtuka-shtuka au anakodoa macho bila kuitika, sema mapema. Karibu mmoja kati ya wanne hupata kifafa, nacho kina dawa.

Hapo Pasua, hospitali ya KCMC si mbali, na wana fiziotherapia na tiba kwa vitendo, ile ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa. Siku hiyo usiende peke yako, mchukue na bibi. Yeye ndiye anayemshika mtoto kila jioni, basi aoneshwe yeye pale magotini.