Umar bin Abdulaziz na nasaba yake

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh wetu. Nilisikia katika mawaidha kwamba Khalifa Umar bin Abdulaziz ni mjukuu wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, na kwamba ndiyo sababu akapewa ukhalifa. Mbona wengine humhesabu katika ukoo wa Bani Umayya?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Si mjukuu, ni kitukuu, tena kwa upande wa mama: mama yake, Ummu Asim, ni binti wa Asim bin Umar. Kisa cha msichana aliyekataa kuyatia maziwa maji, Sayyidna Umar akamwoza mwanawe Asim, kinamhusu mama wa Ummu Asim, yaani bibi yake Umar mzaa mama. Kwa baba ni Bani Umayya halisi, kwani Abdulaziz bin Marwan, gavana wa Misri, alikuwa ndugu wa Khalifa Abdul Malik.

Ukhalifa, basi, haukumjia kwa Sayyidna Umar. Mwaka 99 Hijria, Khalifa Sulayman bin Abdul Malik, binamu yake, aliugua huko Dabiq, kaskazini mwa Sham, akaandika wasia kwa ushauri wa mwanachuoni Rajaa bin Haywa, akaufunga na kuupiga muhuri, na jamaa wa ukoo wakatakiwa kula kiapo cha utii kwa mtu wasiyemjua jina. Ulipofunguliwa, Hisham bin Abdul Malik aligoma, na hakukubali mpaka Rajaa alipomtisha kwa upanga. Hata hivyo wasia ule uliwaridhisha wana wa Abdul Malik kwa kumtaja Yazid, ndugu wa Sulayman, kuwa mrithi baada ya Umar; kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba ufalme ulitoka katika nyumba hiyo.

Alitawala miaka miwili na miezi kadhaa tu, akafariki mwaka 101. Katika muda huo alikomesha kutukanwa kwa Sayyidna Ali juu ya mimbari, na mali zilizochukuliwa bila ya haki akazirudisha, akianza na zilizokuwa mikononi mwake na mwa jamaa zake.

Mkewe, Fatima, ambaye ni binti wa Abdul Malik na dada wa makhalifa wanne, alikuwa na kito cha thamani alichopewa na baba yake. Umar alimwambia achague: akirudishe Baitul Mali, yaani hazina ya Waislamu, au waachane. Akakirudisha. Imepokewa kwamba Yazid alipotawala alitaka kumrejeshea, naye akakataa, akisema hawezi kumtii mumewe akiwa hai kisha amuasi akiwa amekufa.

Wallahu a'lam.