Fundi Anajibu: Chungwa la Gagarin

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasomea ushonaji, na mwisho wa muhula natakiwa nibuni jaketi kwa kufuata mitindo ya mtaani ya Urusi. Nimepekua picha za vijana wa Moscow, nakutana na rangi ya chungwa, herufi CCCP na sura ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Herufi hizo ni za nini, na kwa nini chungwa? Naogopa kuiga nisichokielewa.

JIBU: Marahaba. Hofu hiyo usiiache.

Herufi kwanza. Ni za Kirusi, husomwa S-S-S-R, kifupi cha jina la Muungano wa Kisovieti. Yuri Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961, zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, kwa rangi nyekundu, juu ya helmeti yake nyeupe. Husimuliwa kwamba ziliongezwa dakika za mwisho: mwaka mmoja nyuma rubani wa Marekani wa ndege ya upelelezi alitunguliwa nchini humo, ikahofiwa wanakijiji wangemdhania Gagarin naye ni jasusi. Na kweli, alishuka kwa parachuti kwenye mashamba ya mkoa wa Saratov, akakutana na bibi na mjukuu wake, nao wakaogopa!

Lile chungwa lilikuwa ovaroli ya juu tu. Vazi lenyewe la kutunza shinikizo la hewa lilikuwa ndani. Kazi ya chungwa ilikuwa waokoaji wamwone kwa mbali. Ukilitia kwenye mfuko mmoja kama pambo, umelinyang'anya kazi. Vika jaketi zima.

Nilipokuwa nasoma Moscow nilinunua sweta la kofia lililochapwa uso wa Gagarin kifuani. Lilifuliwa mara chache tu, uso ukapasukapasuka. Niliumia. Ndipo nikaenda Makumbusho ya Wanaanga, chini ya ule mnara wa titani wa mita 107 pale VDNKh, uwanja wa maonyesho wa Moscow, nikasimama mbele ya vazi la Sokol, vazi la shinikizo la wanaanga wa Soyuz, mpaka miguu ikaniuma.

Sokol ilizaliwa na msiba. Juni 1971, wanaanga watatu wa chombo cha Soyuz 11 walikufa kilipovuja hewa wakirejea duniani. Hawakuvaa mavazi ya shinikizo, nafasi ilikuwa finyu. Sokol ikaanza kuvaliwa safarini mwaka 1973. Itazame kwa jicho la fundi: nyeupe, imetiwa buluu, na zipu mbili zinashuka kifuani kama herufi V. Ndani, mpira wa kuzuia hewa hauna zipu kabisa. Hukusanywa kama mdomo wa gunia, ukafungwa kwa mipira ya kuvutika. Kubwa zaidi, imekatwa kwa mtu aliyeketi, magoti yamekunjwa. Ndiyo maana wanaanga wakienda kupanda roketi hutembea wameinama.

Hapo ndipo pa kuchota, mwanangu. Chora patani ya mtu aliyeketi: mgongo mrefu kuliko kifua, mikono iliyopinda kiwikoni, zipu mbili za V. Sura ya Gagarin iache. Mbunifu Gosha Rubchinskiy alitia herufi za Kirusi kwenye fulana, zikavaliwa na wengi wasiojua kuzisoma. Wewe sasa hizi nne unazisoma. Ukizitaka, chukua brashi na rangi ya kitambaa, uandike kwa mkono wako, wala usizipimie rula.

Nitumie patani kabla hujashika mkasi.