Kabla Hujamwonesha Mtu Kifaa Chako

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimebuni kifaa na kuna mtu anataka kukiona. Nimwoneshe kwanza, au nikatafute hataza?" Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza ulichobuni. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Hapo hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Nilikuwa nimetengeneza kishikizo cha uzi cha cherehani: waya niliokunja kwa koleo, kipande cha mpira nilichokata kwa wembe, na skrubu moja. Ukikifunga, uzi haukatiki hata ukanyage kwa kasi namna gani. Nilijivunia mno, na mpaka leo najivunia. Nikakipeleka kwenye maonyesho, nikakieleza hatua kwa hatua, kila aliyetaka akapiga picha. Kuna mmoja nilimfundisha kukifunga kwa mikono yangu. Baada ya miezi kadhaa nikakikuta dukani, waya ukiwa umekunjwa vilevile, mpira tu umebadilishwa rangi. Muuzaji alikuwa yeye.

Nikakimbilia kwenye usajili. Swali la kwanza: ulikionesha hadharani lini? Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na katika nchi nyingi kikishaoneshwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekionesha ni wewe mwenyewe. Marekani mbunifu hupewa mwaka 1 wa nafuu wa kuwasilisha ombi baada ya kukionesha. Nilipokuwa mimi sikuwa na nafuu yoyote. Maumivu yale hayajaisha.

Ndugu zangu, fungeni midomo! Peleka ombi kwanza, maonyesho baadaye. Kwa Mkataba wa Paris wa 1883, yaani makubaliano ya nchi nyingi ya kulinda ubunifu, ukishawasilisha ombi nchi moja una miezi 12 ya kuomba hataza nchi nyingine wanachama huku tarehe yako ya kwanza ikihesabiwa. Ukikaa kimya kupita hapo, tarehe hiyo haikusaidii tena huko nje.

Lakini msikimbilie hataza kwa sababu tu inasikika kubwa. Hudumu miaka 20 tangu kuwasilisha ombi, ada za kuitunza zikikufuata karibu kila mahali, na akitokea mwizi ni wewe utakayemlipa wakili. Tena hataza hutangaza kwa dunia nzima jinsi kitu chako kinavyofanya kazi. Kama ni mchanganyiko ambao mnunuzi hawezi kuugundua kwa kuufungua, utunze uwe siri ya biashara.

Mimi kilichoniokoa ni jina. Bidhaa yangu ya pili niliisajilia alama ya biashara, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 10 na unaweza kuihuisha bila kikomo. Mtu alipobandika jina langu kwenye mzigo wake, nilimpelekea barua na nakala ya cheti. Wiki ile ile mzigo ukaondolewa. Sajilini majina, nasema tena, sajilini majina!

Nawe mdogo wangu uliyeniandikia, nenda na mkataba wa usiri uliochapwa. Asaini kabla hujafungua mfuko. Akikataa, rudi nacho nyumbani.