Maswali kwa Fundi: Foklifti Inaunguruma, Haiondoki

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali huwa ya aina moja: mashine iliyolala ghalani miezi kadhaa inawashwa, inawaka, halafu haitoki ilipo. Nimechukua manne.

Shikamoo fundi. Foklifti yetu ya dizeli, otomatiki, tani 2.5, inanyanyua magunia bila shida, ila ukiweka mbele au rivasi haiendi. Fundi tuliyemwita anataka kushusha giaboksi. Tumruhusu? (Msimamizi wa ghala, Mtwara Mjini)

Marahaba. Asishushe kitu kwanza. Kunyanyua magunia hakusemi lolote kuhusu giaboksi, maana meno (yale mapanga ya kunyanyulia mzigo) yana pampu yake na giaboksi ina yake, mara nyingi na oili yake pia. Pima hiyo oili: mashine kwenye sakafu tambarare, handibreki juu, gia huru, injini inawaka sailensa (bila kukanyaga mafuta) na imeshapata moto. Ikiwa chini ya alama, ongeza kisha tafuta inakovujia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo fundi wenu ana hoja, sahani za klachi zimekwisha.

Oili ikiwa safi, inama uangalie pedali ya kushoto. Wengi huidhani klachi ya kawaida, kumbe kazi yake ni kupunguza presha ya oili kwenye klachi za giaboksi ili mashine isogee polepole huku injini inanguruma. Kebo yake ikiganda kwa kutu (na upepo wetu wa chumvi hauna huruma), pedali haipandi yote na presha haijai. Mimi niliwahi kukuta kipande cha gunia kimejibana chini yake. Mashine ilikuwa imeshaagiziwa giaboksi!

Kisha umeme. Kwenye mashine nyingi wenzo wa mbele na nyuma ni swichi tu inayopeleka moto kwenye solenoidi (valvu ya umeme inayoruhusu oili kufika kwenye klachi). Angalia fyuzi, plagi zenye ukijani, na swichi ya chini ya kiti ikiwa ipo.

Mwisho, sikiliza injini ukiingiza gia. Ikizama kama inataka kuzimika, nguvu inafika ila kuna kinachoshika, tazama handibreki. Isipobadilika kabisa, klachi hazishiki, au ekseli imekatika.

Yangu inaenda mbele, rivasi hamna. (Dereva, Masasi)

Afadhali yako. Pampu na oili hazina kosa kubwa, zinahudumia pande zote mbili. Pandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo imara (foklifti huendeshwa na ya mbele, ya nyuma ni ya usukani), kisha badilishana plagi za solenoidi mbili kama zinafanana. Sasa weka wenzo mbele. Magurudumu yakizunguka kinyumenyume, solenoidi ya rivasi ni nzima, tatizo ni waya au swichi. Yasipozunguka, ni solenoidi yenyewe au klachi ya rivasi.

Asubuhi inafanya kazi vizuri, saa sita mchana inagoma. Ikipoa inaenda tena. (Lindi)

Oili ikipata moto huwa nyepesi, inapita kwenye sili zilizochakaa na presha inashuka. Lakini kabla ya kununua sili, safisha chujio la giaboksi, badilisha oili, na upulize rejeta inayopoza. Nyuzi za magunia huiziba kama blanketi, na ghalani hakuna anayekumbuka. Ikigoma bado, ni kufungua. Oili weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ya dukani jirani "inayofanana" imeshaua giaboksi nyingi.

Imekufa mlangoni na lori linasubiri. Tuivute? (Newala)

Mita chache tu. Shusha mzigo, meno yawe juu ya sakafu kidogo, gia huru, na injini iendelee kuwaka ili usukani usiwe mzito na pampu ilainishe giaboksi. Tumia chuma cha kuvutia, si kamba. Na asisimame mtu katikati ya lori na mashine, hata kama ni wa kuelekeza.