Mashine ya kulalia ninayo na bima ya maisha nimepata: usikaushe kwenye fomu

Mkuu, umeuliza kama mtu ambaye dokta amemwambia pumzi zake zinakatika usingizini anaweza kupata bima ya maisha, au bora akaushe tu kwenye fomu. Njia hiyo nimeipita, na niko hapahapa Mwanza, Buzuruga. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Kazi yangu ni Fuso. Napeleka saruji Geita, narudi na nanasi. Enzi za pantoni, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa 2025, tulikuwa tunalala kwenye foleni, na madereva wenzangu walikuwa wanahamisha magari yao wasipaki karibu na langu kwa jinsi nilivyokuwa nakoroma. Tulicheka sana. Kusinzia mchana nikadhani ni uchovu wa barabara. Kanisani nasinzia, kinyozi ananinyoa nasinzia, mpaka siku moja nasinzia usukani kabla sijafika Usagara, nikazinduliwa na kokoto za pembeni zikigonga chini ya gari.

Aliyenishtua kweli ni mama watoto. Alinirekodi kwa simu usiku, asubuhi akaniwekea nisikilize. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Unamsikia yeye anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu… anafika ishirini na mbili, ndipo navuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini baada ya mtumbwi kupinduka. Nilirudia kusikiliza mara mbili, ya tatu nikashindwa.

Dokta wa masikio, pua na koo akanipa kidude cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, kimpira puani, kibanio kidoleni. Wao wanahesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 uko sawa, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni kati, kuzidi 30 ni kali. Mimi nilikuwa na 42. Ishike namba yako kichwani, maana kwenye bima ndiyo watakayoiulizia kwanza.

Sasa bima. Nilitaka kinga ya miaka kumi, watoto wangu bado wako shule. Wakala wa kwanza tulikutana Makoroboi, sato mezani, fomu pembeni ya sahani. Tulipofika kwenye swali la magonjwa ya usingizi na upumuaji nikamweleza. Akafuta mkono, akashika kalamu: "Mzee wangu, andika hapana. Kukoroma nani hakoromi?" Nusura niandike. Kilichonizuia ni jirani yetu mmoja aliyefariki huku nyuma. Alificha presha kwenye fomu, naye alikuwa na faili la kliniki la miaka minne. Mjane alipopeleka madai, kampuni ikaomba faili, na habari ikaishia hapo. Michango yote aliyolipa marehemu haikumsaidia mtu.

Uelewe hivi: mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa pande zote. Wanakupangia bei kwa maelezo uliyowapa. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha bei au uamuzi wao, umewapa sababu ya kukataa kulipa, na watakayemkatalia ni mkeo, wewe haupo tena wa kujitetea. Wakala anachotafuta ni kamisheni ya leo. Siwachukii mawakala, shemeji yangu ni mmoja wao, ila ukweli ndio huo.

Basi nikaandika ndiyo. Jibu likaja: maombi yameahirishwa miezi sita. Nilikasirika nikaona nimejiponza kwa mdomo wangu. Baadaye ndipo nikaelewa kosa langu. Niliomba wiki tatu tu baada ya kupimwa, mashine hata sijanunua. Kwa kampuni, mtu mwenye 42 asiye na tiba ni mtu wa presha, moyo, kiharusi na ajali ya barabarani, tena mimi dereva! Hata ningekuwa mimi nisingenipa.

Mashine nikanunua, ile inayosukuma hewa kupitia maski puani ili koo lisijifunge. Bei yake inakaribia bodaboda. Wiki mbili za mwanzo ni mateso, maski inavuja, mdomo unakauka, watoto wanakuita rubani. Umeme ukikatika usiku unaamka unahema, kwa hiyo nikaongeza betri ya sola. Vumilia tu, maana ndani ya mashine kuna memori kadi, na hiyo kadi inaandika kila usiku umevaa saa ngapi na pumzi zimekatika mara ngapi. Kipimo kinachotumika sana ni angalau saa 4 kwa usiku, kwa siku 70 katika kila 100. Ukiivaa kidogo inaandika, ukiiacha kabatini inaandika pia.

Miezi saba baadaye nikaenda kampuni nyingine na bahasha. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya kwanza ya 42, karatasi za kadi zinazoonyesha nimeshuka hadi 3, barua ya dokta, vipimo vya presha vya miezi mitatu, na uzito: kutoka kilo 118 hadi 106. Wakanipima damu na moyo kwa gharama zao. Wakanikubali kwa nyongeza ya asilimia 50 juu ya bei ya kawaida. Inauma, sikatai. Ila niliuliza kabla ya kusaini kama nyongeza inaweza kupitiwa upya, wakasema niombe baada ya mwaka. Niliomba, nikapeleka karatasi mpya, ikashuka hadi 25. Usipouliza hakuna atakayekupigia simu kukupunguzia bei.

Kama umeajiriwa, au uko kwenye SACCOS, anzia huko. Bima za kikundi mara nyingi zina kiwango ambacho hawakuulizi afya wala kukupima, unaingia kwa kuwa mwanachama. Kiasi si kikubwa lakini ni mwanzo. Na usichanganye na bima ya mkopo. Ile ya Fuso yangu ilikuwa inalipa benki deni lililobaki, basi, nyumbani isingefika hata shilingi. Nimewaona watu wanatamba wana bima kumbe mwenye bima ni benki.

Ukihisi umeonewa kwenye madai, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yuko kisheria tangu Sheria ya Bima ya 2009, na TIRA, mamlaka ya serikali ya bima, ndio wasimamizi wa kampuni zote za bima. Lakini huko wataangalia fomu yako kwanza, uliandika nini.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama wakala anaweza kukujazia fomu: jaza mwenyewe, kwa mkono wako, na piga picha kila ukurasa kabla hujasaini. Zangu nimeziweka kwenye simu ya mama watoto. Kwangu zingekaa bure, siku zikihitajika mimi sitakuwepo kuzifungua.