Jibu: Kwa nini korona iliwabana wa Manzese kuliko wa Masaki?

Habari mkuu. Nimekuelewa: kirusi ni kilekile, unataka kuonyesha kwa nini Manzese, eneo la watu wa kipato cha chini Dar es Salaam, iliumia zaidi ya Masaki ya wenye nazo, na umekwama kwa kukosa takwimu za mtaa. Usianzie huko. Takwimu rasmi za Tanzania nzima zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509.

Anza na maji. Uliza kila kaya inayapata wapi na ndoo ni shilingi ngapi. Nilijitolea na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huku uswahilini: nyumba ya vyumba sita, kila chumba familia yake, choo kimoja, bomba liko kwa jirani. Mama mwenye ndoo mbili atapika kwanza, amwogeshe mtoto, ndipo afikirie kunawa mikono. Kumhimiza anawe kila mara bila kumpa maji ni kumwonea, na hili linaniuma mpaka leo.

Kisha uliza nani asipotoka leo analala njaa: mama lishe, kondakta, kuli wa Kariakoo. Bima ya afya iulize pia.

Ukichagua kaya za kuhoji, orodha ya mjumbe wa nyumba kumi usiitegemee peke yake. Mwenye nyumba yumo. Mpangaji wa chumba cha uani mara nyingi hayumo.